Nani Mwenye Mtumbwi? Historia ya Sambaza, Deni na Mbao za Walikale



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alituma picha katika grupu. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, mingine mirefu imetokeza mbele na nyuma kama ndevu za kambare, na jua linazama. Chini akaandika: "Batoto ya Omate, tuache kusubiri dhahabu. Tuchangie, tununue hii, tuweke watu, kila asubuhi tunahesabu makuta." Watu wengi wakaweka vidole gumba. Mmoja tu aliuliza: "Na nani atalala ndani yake usiku?" Hakuna aliyemjibu.

Mimi nilinyamaza pia, na nilikuwa na sababu zangu. Nitazisema hapa chini. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana picha ile ina historia, na historia yenyewe inajibu lile swali vizuri kuliko vidole gumba vyetu.

Omate haina ziwa, tunajua wote. Ni machimbo ya dhahabu ndani ya msitu wa Walikale, na maji yake ni ya mito. Lakini nani kati yetu amekulia huko bila kula fretini? Wale samaki wadogo wakavu wanapanda kutoka ziwani ndani ya mifuko, kwa gari, halafu kwa pikipiki, na mwisho kwa mgongo wa mtu. Na kitu gani kinashuka upande wa pili? Mbao. Msitu wa Walikale unalisha depo za mbao za Goma kwa miaka mingi sasa, na kati ya mbao hizo ziko zinazogeuka mitumbwi. Kwa hiyo ziwa na msitu wetu vinajuana zamani. Tena Masisi yenyewe inagusa maji: Sake iko kando ya ghuba ya Kabuno, ambayo ni kona ya Ziwa Kivu, na kule Bashali kuna maziwa ya Mokoto. Si mambo ya wageni haya.

Ziwa kubwa, samaki wachache

Ziwa Kivu ni zuri kwa macho lakini ni gumu kwa mvuvi. Liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 485. Zamani maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Ziwa likajaa, likapata mlango mpya kusini kwa mto Ruzizi, hadi Tanganyika. Lakini Ruzizi ina maporomoko. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda.

Halafu kuna jambo la hewa. Ukishuka mita 60 hivi, samaki hawezi kupumua tena. Huko chini maji yamejaa gesi ya methani na kaboni dioksidi. Yaani ziwa lote hilo tunaloliona, sehemu inayoishi samaki ni kama blanketi jembamba juu ya kitanda kirefu.

Matokeo yake ni kwamba samaki wa Kivu walikuwa wa aina chache, na karibu wote walikaa kando: tilapia, kambare na wale wadogo wa miambani. Katikati ya ziwa, ambako vijimea na vijidudu vya maji vilikuwa vingi, hakukuwa na samaki wa kuvila. Mtaalamu Mbelgiji Hubert Damas alikuja mwaka 1935 na 1936 kupima maji ya Kivu, ya Ziwa Edward, na hata ya Ndalaga, moja ya maziwa yetu ya Mokoto.

Kwa mvuvi wa wakati ule hali hiyo ilikuwa na maana moja: mtumbwi mdogo ulitosha. Shina moja lililochongwa, ndoano, mtego wa matete, wavu mfupi. Mwenye mtumbwi na mvuvi alikuwa mtu yule yule. Alichokosa ni samaki wa kutosha. Hakuwa na deni la mtu.

1959: samaki wanapanda kwa gari

Mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, Wabelgiji walichukua maelfu ya watoto wa samaki wa aina ya ndagala kutoka Tanganyika, wakawapandisha kwa barabara na kuwaachia Kivu. Zilikuwa aina mbili. Moja ilipotea. Nyingine, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilishika. Ndiyo sambaza wetu. Yaani samaki ambaye mama zetu wanauza Kituku kama vile alikuwepo tangu Mungu aumbe ziwa, ana umri wa babu zetu wengine.

Sasa hapa ndipo wasomi tunapokosea historia. Tunadhani samaki akiingia ziwani, basi uvuvi umeanza. Hapana. Karibu miaka 20 ilipita sambaza wakizaana katikati ya ziwa huku watu wengi wakiwatazama tu. Walioshikwa ni wale waliosogea kando. Mtumbwi wa mtu mmoja haukuweza kubeba wavu wa kuwafuata kwenye maji ya kina, na sambaza hashikwi kwa ndoano. Mali ilikuwepo ndani ya ziwa, lakini chombo cha kuitoa hakikuwepo.

Chombo chenyewe kilikuwa kinajulikana upande wa Tanganyika. Kule wavuvi walikuwa wakiwasha moto wa kuni usiku ili kuvuta ndagala. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakapata karabai na wavu wa kushusha chini na kuinua, ukibebwa na mitumbwi iliyofungwa pamoja. Kuanzia mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa chini ya FAO, uliokaa Gisenyi, ulianza kufundisha wavuvi wa Kivu ufundi wa aina hiyo. Upande wa kwetu, ambao wakati ule uliitwa Zaire, wakaupokea pia. Ndivyo mitumbwi mitatu ya ile picha ilivyozaliwa.

Chombo kimoja, watu wengi

Tukiangalie basi. Mitumbwi mitatu imekaa sambamba, imeunganishwa kwa miti, mara nyingi ya eukalipto. Miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma ndiyo inayoshika kamba za wavu. Timu inatoka jioni kwa makasia, mara nyingi ikiimba, maana wimbo ndio unaowapa mwendo mmoja. Wakifika maji ya kina wanashusha wavu, wanawasha taa, wanangoja. Taa inavuta vijidudu, vijidudu vinavuta sambaza. Baada ya masaa wavu unainuliwa kwa pamoja. Kisha unashushwa tena, mpaka alfajiri.

Hesabu watu: saba, nane, hata kumi na zaidi. Hesabu vitu: mitumbwi mitatu, miti, kamba, wavu mkubwa wa matundu madogo, taa kadhaa, mafuta au batri. Mvuvi wa ndoano hawezi kununua vyote hivyo peke yake. Kwa hiyo sambaza walileta kitu kipya kandokando ya Kivu: mwenye chombo ambaye havui, na mvuvi asiye na chombo. Katikati yao anasimama kapita, kiongozi wa timu, anayemjua kila mmoja na anayesoma upepo.

Jambo hili halikuwa lazima liende hivyo. Ndugu za sambaza walipelekwa pia Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968. Kule wanaitwa kapenta. Samaki ni yule yule, taa ni zile zile, lakini chombo cha Kariba kilikuwa jukwaa la chuma lenye injini, na chuma kinataka kampuni. Kwetu ilibaki mbao, na mbao inaweza kununuliwa na mwalimu, mjane, mfanyabiashara wa Minova, au AVEC ya mtaa. Ukitaka kujua samaki ni wa nani, angalia chombo kimetengenezwa kwa nini.

Na ukienda Ziwa Edward utaona njia ya tatu. Kule wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wako ndani ya hifadhi, ile iliyoanzishwa 1925 kama Parc Albert na leo ni Virunga. Mwaka 1949 utawala wa kikoloni uliunda kooperativa ya uvuvi, ambayo baadaye ikawa COPEVI. Mtumbwi ulihesabiwa na kupewa namba. Huwezi kuchonga tu na kusukuma majini. Mwenye mbao bila ruhusa hana kitu, na mwenye ruhusa ana mali hata kama mbao zake zimeoza. Ndiyo maana mitumbwi isiyo na namba imekuwa ugomvi wa miaka na miaka.

Njia tatu basi: kampuni yenye chuma, kooperativa yenye namba, na timu yenye deni. Sisi wa Kivu tuko kwenye ya tatu.

Sasa sababu ya ukimya wangu

Nilipomaliza lisansi, wanne kati yetu tulichukua pesa ya AVEC tukanunua timu ya zamani upande wa Kabuno: mitumbwi mitatu, wavu, taa. Tulipiga picha kama ile. Tulimpata kapita mzuri, mzee wa makamo, mpole. Sisi tulirudi mjini kutafuta kazi, tukawa tunangoja pesa kwenye simu.

Mwezi wa kwanza tulipiga hesabu ya siku 30. Pesa iliyofika haikufika hata nusu ya tuliyotarajia. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu mmoja wetu alisema wazi mbele ya timu nzima kwamba kapita anatuibia. Nami nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali. Yule baba hakupigana nasi. Alituachia ufunguo wa sanduku la taa, akaondoka, na watu wake wakamfuata. Timu mpya tuliyoipata ilivua miezi miwili. Wavu ukachanika, hatukuwa na pesa ya kuushona, mitumbwi ikabaki juu ya mawe. Tulikuja kuiuza kwa bei ya kuni.

Miaka miwili baadaye nikifanya utafiti mdogo kuhusu uvuvi ndipo nilijifunza kitu ambacho mtoto yeyote wa Kabuno anakijua: mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu. Samaki hawaji. Karibu na mwezi mpevu timu nyingi zinapumzika. Ongeza usiku wa upepo na mvua kubwa. Siku 30 za daftari letu zilikuwa usiku 20 hivi za ziwani, na wakati mwingine chini yake. Wizi tulioutafuta ulikuwa mwezi wa mbinguni.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Siandiki kukatisha watu tamaa. Naandika ili mtu mwingine asifukuzwe kwa hesabu ya ujinga.

Hesabu yenyewe ya chombo

Nawapa nilichojifunza kwa kuchelewa.

Mbao kwanza. Baharini, kama Zanzibar, mafundi wanapigana na mdudu wa chumvi anayetoboa jahazi. Ziwani huyo hayupo, lakini kuna maadui wawili: maji ya mvua na jua. Maji ya mvua yakikaa ndani ya mtumbwi yanauozesha kutoka ndani, kwa hiyo ni lazima yachotwe hata siku ambayo hamvui. Jua nalo, mtumbwi ukikaa nchi kavu muda mrefu, linakausha mbao mpaka zinaachana kwenye maungio. Chombo hakitaki kukauka kabisa wala kulowa kabisa. Kila baada ya muda fundi anapitia maungio, anaingiza pamba au vitambaa, anapaka lami, anabadilisha misumari iliyoshika kutu. Msipopanga pesa hiyo, mtailipa siku ya dhoruba.

Wavu pili. Wavu ndio unaokula pesa kuliko kitu kingine, na ndio wetu ulioua mradi. Nailoni haiozi kama kamba ya zamani, lakini jua kali linaidhoofisha. Ioshwe, ikaushwe, halafu iwekwe kivulini. Tundu dogo lishonwe siku ile ile, maana kesho litakuwa mlango. Na msikubali kamwe wavu wa chandarua cha mbu: unafagia watoto wa samaki, na mwaka ujao mtakuwa mnavua maji.

Taa tatu. Zamani karabai zilikunywa mafuta usiku kucha, na bei ya mafuta ikipanda, faida ilikwisha hapo hapo. Leo timu nyingi zinatumia taa za LED na batri, wengine na pano za jua. Ni nafuu ya kila usiku, lakini batri inazeeka. Anayefurahia kwamba hanunui mafuta bila kuweka akiba ya batri anajidanganya.

Moteri, kwa wale wenye nayo. Inafaa kuvuta chombo kikirudi, lakini ina masharti yake. Zile za zamani za mtindo wa mbili-taimu zinataka oili ichanganywe na benzini kwa kipimo, si kwa kukadiria kwa macho. Weka buji ya akiba. Na ukifungua oili ya gia kule chini ukaikuta nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia: usiendelee na safari, badilisha sili.

Halafu karatasi. Ruhusa ya kuvua, kodi za chombo, na wale wote wanaongoja mwaloni. Amri ya kikoloni ya 21 Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi iliendelea kutumika kwenye uvuvi miaka mingi baada ya uhuru, na juu yake zimepandwa taratibu nyingine nyingi. Kuna pia vipindi vya kufunga ziwa. Rwanda wanafunga uvuvi wa sambaza kila mwaka kwa miezi miwili hivi ili wazaane, na upande wetu mamlaka zimewahi kufanya hivyo. Miezi hiyo timu inakula nini? Andikeni jibu kabla ya kununua.

Mwisho, watu. Gharama za usiku zikitolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na timu, na desturi zinatofautiana kutoka mwalo hadi mwalo. Juu ya hapo kila mvuvi anarudi na mboga ya nyumbani. Sisi tuliiita mboga ile hasara. Kumbe ndiyo mshahara pekee ambao hauna wasiwasi.

Na wakati huu wa vita

Kuna jambo la uzito pia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na imejaza kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara na ziwa likawa njia pekee ya watu na ya chakula. Makumi ya wenzetu walikufa. Wakati kama huu kila mwenye chombo anashawishiwa: weka magunia mawili, weka abiria watano, pesa ya haraka. Mtumbwi wa sambaza haukujengwa kwa hiyo. Kama tutanunua chombo, jile za uokoaji ziwe katika hesabu ya kwanza pamoja na wavu, zisingoje faida.

Tukirudi kwenye picha

Je, tununue? Mimi nasema inawezekana, kwa masharti matatu. Kwanza, tupange usiku 20 na siyo siku 30, na tuanze tukiwa na akiba ya wavu wa pili. Pili, kapita na timu wapewe sehemu ya umiliki tangu siku ya kwanza, ili anayelala juu ya maji awe pia na jina kwenye karatasi. Historia ya Kivu inatuonyesha kwamba kabla ya taa na wavu mkubwa mvuvi na mwenye mtumbwi walikuwa mtu mmoja. Hatuwezi kurudi huko, lakini tunaweza kusogea karibu. Tatu, kila aliyechangia alale ndani ya chombo walau usiku mmoja kabla ya kudai hesabu.

Hilo la tatu mtacheka, lakini ndilo jibu la yule aliyeuliza nani atalala ndani. Ingekuwa sharti kwetu, tungeona wenyewe mwezi unavyotoka nyuma ya milima, taa zinavyofifia na wavu unavyopanda mtupu, na hakuna ambaye angemwita yule baba mwizi.

Nimeshamtafuta. Wananiambia yuko bado upande wa Kabuno, timu ya mtu mwingine. Barabara ikiruhusu nitashuka nimwombe msamaha, na kama atakubali, nimuulize kama anaweza kutufundisha. Wanaotaka kuandamana nami waandike hapa chini.